Senga, nimeongeza uji na mizani imeruka

SWALI: Senga, shangazi yetu wa ushauri, shikamoo. Nina miaka 29, ni wakala wa pesa za simu hapa Malaba. Kabla ya kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani, nilijibana sana, kalori 1,300 kwa siku kwa hesabu ya programu ya simu, nikashuka kutoka kilo 70 hadi 61. Sherehe imepita, lakini nimebaki na uchovu, nasikia baridi hata mchana, na hedhi ya mwezi jana haikuja. Nataka kurudi kula kama watu, nifike kalori 1,900. Jumatatu nilianza uji wa ulezi wenye maziwa na sukari, pamoja na karanga za kukaanga, jumla kalori 300 juu ya chakula changu. Ijumaa asubuhi mizani ikasoma 62.5! Niache uji?
Mwenye Hofu, Malaba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Uji usiuache.

Ila kabla ya mizani, hiyo hedhi. Umetoka kwanjula juzi, hedhi haijaja, nawe unaniuliza habari za uji! Nenda duka la dawa ununue kipimo cha mimba. Kikionyesha una mimba, haya mengine yote yaweke kando, uende kliniki ya wajawazito, chakula chako wakupangie huko. Kama huna, basi jua kwamba mwili unaonyimwa chakula huweza kusimamisha hedhi, na baridi na uchovu huo mara nyingi hutoka mlango huohuo. Ikifika miezi mitatu bila kuiona, muone daktari.

Sasa hesabu, maana wewe ni mtu wa hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kama kalori 7,700. Umeongeza 300 kwa siku 4, yaani 1,200. Hata zote zingegeuka mafuta, bila kupotea hata moja, ungepata gramu 160 hivi. Mizani inadai kilo moja na nusu. Hiyo zaidi ya kilo moja na robo iliyobaki imetoka wapi?

Ni maji, mwanangu, na chakula chenyewe kilicho tumboni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa na gramu 3 hivi za maji. Ulipojibana, akiba ilipungua na maji yake yakaondoka. Ndiyo maana wiki za mwanzo ulishuka haraka ukafurahi. Uji umeirudisha. Chumvi nayo hushika maji: ukila mukene (dagaa) wa chumvi jioni, asubuhi uko juu. Siku za kukaribia hedhi pia wengi wetu hujaa maji.

Kwa hiyo namba ya Ijumaa peke yake haina maana. Wewe hufungi duka kwa sababu mteja mmoja ametoa pesa nyingi ukaishiwa pesa taslimu. Unangoja ufunge hesabu. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda choo, kabla ya kunywa chochote, ukiwa na khanga tu. Andika. Jumapili jumlisha zote saba, gawa kwa saba, na wastani huo ndio ulinganishe na wa wiki iliyopita.

Na mizani yako iko wapi? Kama iko juu ya mkeka au zulia, itoe, iweke kwenye saruji tupu. Kisha ijaribu: panda peke yako, usome, panda tena umeshika jerikeni ya lita 5 iliyojaa maji. Lazima iongezeke kilo 5 na kidogo ya jerikeni yenyewe. Ikiongeza 3 au 7, hiyo ni ya kuchezea watoto. Wale vijana wenye mizani kando ya barabara waache watafute riziki, lakini usichanganye namba zao na zako. Saa nane mchana, umeshiba na viatu miguuni, utasoma kilo mbili zaidi ukose usingizi bure.

Kuhusu kupandisha kalori polepole: wapo wanaosema kunauamsha mwili uunguze zaidi. Mimi hilo silinunui. Faida yake ni kwamba unaona kila hatua inafanya nini, na moyo unatulia. Hizo 300 ulizokwisha ongeza zibakishe kwa wiki mbili. Baadaye ongeza 150, ukae wiki mbili nyingine, kisha 150 za mwisho.

Programu ya simu isikudanganye kwenye mchuzi. Matoke inayajua, upawa wa binyebwa (mchuzi wa karanga) wa mama mkwe haiujui. Kijiko kimoja cha chakula cha karanga za kusaga ni kama kalori 95, cha mafuta ya kupikia 120. Hatua nzima ya wiki mbili inaweza kumwagika kwenye sahani moja bila wewe kuandika kitu, kwa hiyo pima kwa kijiko ukiwa jikoni kwako, na ukiwa ugenini kadiria kwa kuzidisha.

Wiki ya kwanza ya kila hatua, wastani ukiruka kidogo, usiushughulikie. Ukiendelea kupanda zaidi ya nusu kilo kwa wiki hata baada ya hapo, baki ulipofika, usiongeze wala usirudi 1,300. Ukitulia, songa mbele. Ulezi ukipanda bei, uji wa mahindi nao unafaa.