Wasomaji wanauliza: Mbwa yuko Nairobi, mimi niko Mtwapa, atafikaje?

SWALI: Habari dada. Kuna mbwa wa KSPCA, lile shirika la kutunza wanyama pale Karen, Nairobi, nimempenda sana, dume, rangi ya mchanga, sikio moja limelala. Nilimuona kwa picha halafu shemeji yangu wa Rongai akaenda kumwangalia, akasema ni mpole. Mimi napanga nyumba Mtwapa, karibu na Mombasa, kuna ua na mwenye nyumba ameshakubali. Shida ni usafiri, gari sina. Kijana mmoja wa basi ameniambia nimpe kitu kidogo atamtia kwa buti usiku, asubuhi nimpokee steji. Tena majirani zangu ni Waislamu na sitaki kuwakwaza. Nifanyeje?
Msomaji, Mtwapa

JIBU: Ndugu yangu, asante kwanza kwa kumwona huyo, manake mbwa wakubwa wa rangi ya kawaida ndio hukaa shelta muda mrefu huku watu wanawapita wakitafuta vijibwa vya manyoya. Lakini hiyo habari ya buti nakuomba uiache leo leo, hata huyo kijana akikuapia.

Mbwa hatoi jasho mwili mzima kama sisi, joto analipunguza kwa kuhema ulimi nje, na kuhema kunasaidia tu kama kuna hewa ya kutosha inayopita. Sasa buti ya basi imefungwa, imejaa magunia na mabegi, na kadiri mnavyoteremka kutoka Nairobi, ambayo iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, ndivyo joto linavyopanda hata kama ni usiku. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu hivi, likipita 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika, na humo ndani hakuna atakayejua mpaka mfike. Na tuseme amefika mzima, ebu fikiria steji alfajiri, makanga anafungua buti, honi, bodaboda, watu wanavutana mabegi, na mbwa ambaye hata sauti yako haijui anaruka nje anakimbia. Mbwa wengi wa safari hupotea hivyo, pale mlango unapofunguliwa.

Kwa hiyo tafuta gari dogo na mtu mmoja ambaye kazi yake ni mbwa tu, dereva aendeshe. Shemeji anafaa sana kwa sababu ameshamzoea kidogo. Kama mnakodi, uliza shelta kwanza, mara nyingi wanajua nani anateremka Mombasa na ana nafasi, mkachangia mafuta. Kuna watu pia wanafanya hii kazi ya kusafirisha mbwa na paka, lakini usitume pesa yoyote kwa M-Pesa kabla hujaongea na mtu kwa video ukamuona na gari analotumia, matapeli wa picha za mbwa wamejaa.

Barabara ni kama kilomita 480, na kwa malori yale hesabu saa nane mpaka kumi. Mimi ningeondoka saa kumi alfajiri, mkapita Mtito Andei asubuhi kabla jua halijakaza. Usiku kucha sipendekezi, ile barabara usiku ni hatari kwa watu wenyewe. Asipewe chakula kizito kabla ya safari, atatapika, ila maji kidogo kidogo kila mkisimama. Simameni petroli steshen tu, Emali, Mtito, Voi, na milango isifunguliwe kabla kamba haijashikwa mkononi. Afungwe kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani, akichomoka kwa moja ya pili imshike. Kati ya Mtito na Voi barabara inapita katikati ya mbuga za wanyama pori za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi, huko hakuna kumshusha kichakani akojoe hata akilia. Kizimba kiwe na nafasi ya yeye kusimama, kugeuka na kulala, na ombeni kitambaa alichokuwa analalia, kisifuliwe, ile harufu itamtuliza.

Ndege ipo, hewani haifiki saa moja, ila kampuni si zote zinachukua mbwa, na gharama ya kizimba na mzigo inapanda. Kama una uwezo, piga simu uulize kabla ya kukata tiketi.

Makaratasi: kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na kama ndiyo ya kwanza ngoja wiki tatu ifanye kazi ndiyo asafiri. Umuombe pia daktari wa mifugo amkague aandike barua ya afya, na muulize kuhusu kibali cha kusafirisha mnyama kutoka kaunti moja hadi nyingine. Mkisimamishwa kwa kizuizi cha polisi mtafurahi kuwa nayo.

Majirani, umefanya vizuri kuwafikiria. Waislamu wengi wa Pwani hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito, kilichoguswa kinaoshwa mara saba, moja wapo kwa maji ya udongo. Mtu ametia udhu anaenda msikitini, mbwa anamrukia, hilo si jambo dogo. Basi pita kwa kila mlango kabla hajafika, waambie atakuwa ndani ya ua, weka komeo ambalo watoto hawawezi kuliacha wazi, na asikaribie bomba mnalochota wote. Ukiongea nao mapema na kwa heshima wengi watakuelewa.

SWALI: Wetu alifika Eldoret juzi kutoka Nairobi. Amejificha chini ya kitanda, hali chakula. Nimlazimishe?
Msomaji, Eldoret

JIBU: Usimvute, na wageni wa kuja kumuona wasubiri kwanza. Weka maji na chakula karibu naye kisha uondoke, wengi hula usiku nyumba ikinyamaza. Siku mbili bila chakula kwa mbwa mzima aliyetoka safari hutokea. Ila kama hanywi maji, anatapika, anaharisha damu au fizi zimepauka, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari leo.