Sandygate: nenda, usisite

Ndugu yangu, umeuliza kama ukiwa Sheffield, Uingereza, kwa Jumamosi moja tu inafaa kuacha timu kubwa ukawatazame Hallam FC, klabu ndogo ya soka ya mji huo. Nenda! Uwanja wao wa Sandygate, mtaa wa Crosspool, unatambuliwa na Guinness kuwa uwanja wa soka mkongwe kuliko wote duniani. Hapo ndipo walipocheza na Sheffield FC tarehe 26 Desemba 1860. Fika mapema, uzunguke taratibu, uone ule mteremko wa uwanja. Kisha zungumza na wazee wa klabu, waulize habari za Kombe la Youdan, shindano la kale la soka la Sheffield, walilotwaa mwaka 1867, kabla Kombe la FA halijaanza. Ratiba ihakikishe kwanza, na koti usiache.