Supu ya Tokyo si ile ya Osaka

SWALI: Shikamoo dada. Nimesoma Osaka miaka 2, sasa nimehamia Tokyo kikazi. Kule, jioni za baridi nilikula udon, tambi nene za ngano, karibu na stesheni, supu yake angavu hadi unaona chini ya bakuli. Hapa naletewa supu nyeusi. Mara ya kwanza nilitokwa machozi mezani. Nitaipata wapi ile yangu?
Binti wa Tanga

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nakuelewa kabisa, nami nilihama hivyohivyo. Mpishi hakukosea. Osaka supu huanzia kwenye kombu, mwani mnene mkavu, kisha hutiwa usukuchi, sosi ya soya ya rangi hafifu. Tokyo huegemea katsuobushi, samaki wa jamii ya jodari aliyekaushwa kwa moshi, na sosi ya soya nyeusi. Hata udon ya Donbei, ile ya kikombe ya dukani ya kumwagia maji moto, ladha yake hutofautiana kwa eneo: kifuniko chenye W ni cha magharibi, E cha mashariki. Mwombe rafiki wa Osaka akutumie za W.

Mgahawani tafuta maandishi 関西風, yaani mtindo wa Kansai, eneo la Osaka. Lakini mimi nilipona jikoni kwangu. Loweka kipande cha kombu usiku kucha, pasha moto, kitoe kabla maji hayajachemka. Tia konzi ya katsuobushi, subiri dakika 1 au 2, chuja. Usukuchi tia kidogo kidogo: ni hafifu kwa rangi, ila chumvi yake imezidi ile nyeusi. Udon nunua ya kugandishwa, hunyumbuka kuliko kavu.