Kabla Hujanunua Kontroli Boksi la Mtumba

"Bosi, hapa kontroli boksi imekufa." Ukiwa na Corolla au Mark II ya miaka ya 1990, maneno hayo, yaani kompyuta inayoongoza injini imeharibika, utayasikia kwa mafundi wa Gerezani, Dar es Salaam, hata kabla boneti halijafunguliwa vizuri. Magari ya umri huo ndiyo ninayoendesha, na kila rafiki akinipigia simu namwambia lilelile: usitoe hela ya boksi mpaka gari lenyewe liseme linaumwa wapi.

Na linasema, tena bure. Toyota nyingi za enzi hizo zina kijisanduku karibu na injini kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Kifungue, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kupiga stata, kisha tazama taa ya injini kwenye dashibodi. Ikimetameta mfululizo bila kupumzika, hakuna hitilafu iliyohifadhiwa. Ikimeta mara mbili, ikatulia, ikameta tena mbili, hiyo ni 22: sensa ya joto la maji, au waya wake. Sensa hiyo ikidanganya kwamba injini ni ya baridi, gari litabugia petroli, litatoa moshi mweusi, na lawama zote zitamwangukia boksi asiye na kosa.

Ethi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye hasi ya betri, nayo ipimwe. Weka mita ya volti kati ya bloku ya injini na hasi ya betri huku mwenzako akipiga stata. Ikizidi nusu volti, safisha au badilisha waya kwanza.

Boksi likiendelea kushukiwa, chomoa betri, litoe, fungua skrubu zake. Nusa. Kapasita (vijipipa vidogo vya kutunza umeme kwenye bodi) zilizovuja hutoa harufu ya samaki aliyelala, na chini yake utakuta bodi imeingia weusi na njia za shaba zimeliwa. Fundi redio mwenye mkono mtulivu anaweza kuzibadilisha, na mara nyingi ndiye ninayempendekeza, maana lile la mtumba nalo lina umri uleule na kapasita zilezile.

Ukilazimika kununua, fuata namba na si umbo. Kwa Toyota inaanza na 89661, halafu tarakimu au herufi nyingine tano. Zote zilingane na za boksi lako. Plagi ya nyaya kuingia kwenye boksi hakuthibitishi kitu. Gari la gia otomatiki ya kielektroniki mara nyingi hutumia boksi moja kuamuru injini na gia, hivyo la manyuo halitalifaa. Kubaliana na muuzaji mapema: nafunga, najaribu, ndipo nalipa. Akikataa, pita duka la pili.

Sasa hizi chipu za kuongeza nguvu, zinazobadilisha programu iliyo ndani ya boksi. BMW E30 325i yenye boksi la Motronic 1.3 kweli ina chipu ya miguu 28 inayochomoka, na ukipachika nyingine unabadilisha muda wa cheche na kiasi cha mafuta. Lakini kwa injini isiyo na tabo (turbo, feni ya kusukuma hewa ndani ya injini) utapata nguvu za farasi chache tu. Plagi mpya za cheche na nozeli safi za petroli utazisikia zaidi. Toyota zetu nyingi hazina hata chipu ya kuchomoa, kwani programu imo ndani ya prosesa yenyewe. Vile vidude vya kuchomeka kwenye soketi ya uchunguzi, vinavyouzwa mtandaoni kwa bei ya chipsi kuku, vingi ukivifungua unakuta taa na kitufe. Basi.

Kwenye tabo chipu ina maana, ila uangalie mafuta. Magari ya tabo ya Japani mengi yalipangiwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kiwango chao kinataka oktani (kipimo cha petroli kustahimili kugonga) isiyopungua 96 na pampu zao huuza karibu 100. Chipu inayosogeza cheche mbele zaidi, juu ya petroli iliyo chini ya hapo, huleta mgongano ndani ya silinda. Ukisikia kelele ya kugongagonga unapopanda mlima, legeza mguu na urudishe chipu ya kiwandani siku hiyohiyo. Hiyo ya kiwandani usiiuze, hata akuombe nani.