Kocha, nazuia mitupo mingi, mbona nalaumiwa?

SWALI: Shikamoo kocha. Nina miaka 17, nacheza mpira wa kikapu, nafasi ya senta, yule mrefu wa karibu na kikapu. Mechi iliyopita nilizuia mitupo sita, mmoja niliupiga mpaka ukatua kwa mashabiki, watu wakasimama. Tukafungwa, na kocha wetu akasema tatizo ni ulinzi wangu. Alitaka nifanye nini zaidi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mitupo sita si haba, hongera. Ila nikuulize: baada ya mkono wako kuigusa, ile mipira aliichukua nani? Ule wa mashabiki najua. Wapinzani walirudishiwa, wakaurusha kutoka pembeni na kuendelea na sekunde zao za kushambulia zilizobaki. Bill Russell, bingwa wa NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, mara 11 katika misimu 13 na timu ya Boston Celtics, alipenda kuugusa mpira kwa ncha za vidole ubaki ndani ya uwanja. Mwenzake anaudaka, shambulizi la kasi limeanza. Alizuia mingapi kwa jumla? Hakuna ajuaye, maana NBA ilianza kuweka hesabu hiyo msimu wa 1973–74, naye alistaafu 1969.

La pili ni kuruka. Mechi yenu sikuiona, lakini vijana warefu wengi ninaowafundisha huruka kila wanapoona bega la mshambuliaji limetikisika. Ukishakuwa hewani umekwisha: atasubiri ushuke akuvutie faulo, au atampasia yule uliyemwacha peke yake chini ya kikapu. Hata akikosa, ribaundi, yaani mpira unaodunda kutoka kikapuni, ni yao, kwa sababu aliyetakiwa kumziba mtu asiufikie ni wewe. Kwa hiyo miguu ibaki chini mpaka mpira uanze kumtoka mkononi. Kisha ruka wima, mikono juu, wala usiuteremshe mkono kumchapa. Ukiruka wima ndani ya eneo lako, akakugonga yeye, faulo si yako. Na mpira ukishaanza kushuka juu ya ringi, uache. Ukiugusa wanahesabiwa alama.

Mtazame Mark Eaton, senta wa zamani wa timu ya Utah Jazz ya NBA. Msimu wa 1984–85 alizuia wastani wa mitupo 5.56 kwa mechi, rekodi ambayo haijavunjwa. Hakuwa mrukaji. Alikuwa na urefu wa sentimita 224, na tangu akiwa chuoni Wilt Chamberlain, senta nyota wa zamani, alimshauri aache kuwakimbiza wachezaji wafupi, akae alinde kikapu. Wengi walioingia pale walimwona, wakageuza au wakatupa mapema kwa kubabaika. Kazi hiyo haiandikwi kokote kwenye karatasi ya takwimu, na kwangu ina thamani kuliko mitupo yote sita.

Mechi ijayo mwombe mwenzako wa benchi akuandikie mambo mawili tu: kila ukizuia, nani kaupata mpira, na ni mara ngapi mtu kaingia ndani, kakuona, kageuka. Karatasi hiyo mpelekee kocha wako mwisho wa mechi, mkae muijadili.