Mkasi na sikukuu za Kiyahudi: Nyota ya Daudi isubiri

Kila Septemba kuna dada wanaoanza kazi katika chekechea za Kiyahudi huku ughaibuni, na wakinitumia ujumbe kuuliza kazi za kukata kwa mkasi, karibu kila mmoja ameshachapisha michoro ya Nyota ya Daudi. Nawaambia waiweke kabatini kwanza. Nyota ile ina kona 12: sita zinatoka nje, sita zinaingia ndani. Kwenye kona ya kuingia ndani mtoto anatakiwa asimamishe mkasi palepale penye ncha, autoe, kisha aanze upya kutoka upande mwingine. Mtoto wa miaka mitatu haliwezi hilo. Mwisho wake mwalimu ndiye anakata, mtoto anapaka gundi, na mama anapelekewa nyota nzuri ambayo mwanawe hakuikata.

Mimi ni Mtanzania, mwalimu msaidizi katika chekechea iliyo ndani ya sinagogi hapa Toronto. Nyingi za sikukuu hizi nilizijua kwanza kwa kusoma Walawi 23 na kitabu cha Esta, kabla sijazijua kwa watoto. Nilichokiona kazini ni kwamba kalenda yao yenyewe, ukianzia Mwaka Mpya wao na kuishia Sikukuu ya Majuma, inaweza kumpandisha mtoto ngazi kwa ngazi. Ila uangalie mkato kabla ya kuangalia picha. Je, ni mkato wa kubana mara moja, wa mstari ulionyooka, wa mviringo, au wenye kona? Ukishajua mtoto yuko wapi, sikukuu yoyote ina kitu cha kumpa.

Kwanza mkono. Kidole gumba kiangalie juu, kiwiko kikae karibu na mbavu, miguu iguse sakafu. Nabandika stika ndogo ya tufaha kwenye ukucha wa kidole gumba na kumwambia mtoto, "Tufaha litazame dari." Mkono ukipinduka, tufaha linapotea, na yeye mwenyewe anaurudisha. Karatasi ya manila ni rahisi kukata kuliko karatasi nyepesi ya kuchapishia, ambayo inajikunja katikati ya makali. Mtoto wa mkono wa kushoto apewe mkasi wa mkono wa kushoto, kwa sababu ule wa kawaida unamficha mstari na kuibana karatasi badala ya kuikata. Watu wengi humwona mtoto huyo mzito, kumbe kifaa ndicho si chake.

Rosh Hashana, yaani Mwaka Mpya wao, huangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, wakati wanafunzi wapya hawajajua hata kufungua na kufunga mkasi. Hapo tunakata punje za komamanga. Mapokeo yao husema tunda hilo lina punje 613, sawa na idadi ya amri za Torati. Nakata vipande vyembamba virefu vya manila nyekundu, upana wa sentimita 2, ili mtoto akibana mkasi mara moja tu punje idondoke. Hakuna mstari wa kufuata wala kosa la kufanya. Punje zikijaa mezani anazibandika ndani ya komamanga nililolichora. Watoto wa umri huo hupenda mno ile sauti ya kukata na kuona kitu kinaanguka, na wataendelea hadi karatasi iishe.

Siku chache baada ya Yom Kipuri, Siku ya Upatanisho, inakuja Sikukuu ya Vibanda, na kibanda kinataka mapambo. Minyororo ya karatasi ndiyo kazi bora ya mwaka mzima, naisema bila kusita, kwa sababu kila mtoto anapata sehemu yake. Wa miaka minne anakata ukanda kwa kufuata mstari mnene niliouchora kwa kalamu nzito. Wa miaka mitatu anakata kanda fupi za vipete vidogo, sentimita 10 tu kutoka ukingo hadi ukingo. Kanda zilizopinda hazionekani zikishakuwa pete. Matawi ya mtende na ya mwerebi nayo tunayatengeneza kwa kukatakata pembeni mwa karatasi ya kijani bila kufika katikati, na hilo linamfundisha mtoto kusimamisha mkasi. Paa la kibanda ni la matawi na lazima liwe na upenyo, kwa hiyo mvua itaingia. Waambieni wazazi mapema, mtoto asije akalilia mnyororo uliolowa.

Hanuka, sikukuu yao ya kuwasha mishumaa, ni ya mistari iliyonyooka. Ukihesabu mishumaa ya usiku zote nane, pamoja na ule wa kuwashia wenzake kila usiku, unapata 44. Mazoezi ya mstari mmoja mara 44! Gawa kwa darasa zima, kila mtoto akate michache kwa utulivu. Pia michoro ya Hanuka ya kwenye intaneti mara nyingi huja na maneno ya baraka kwa Kiebrania. Tahadhari hapo. Karatasi yenye Jina la Mungu haikatwi wala haitupwi kwenye pipa la taka. Hapa kwetu kuna boksi karibu na ofisi ambamo karatasi hizo huwekwa zikisubiri kuzikwa. Kama husomi Kiebrania, mwonyeshe mwalimu mkuu kila mchoro kabla hujautoa nakala.

Katika Purimu, sikukuu ya kisa cha Esta, wakati watoto wanavaa kama Esta na Mordekai na kupiga kelele jina la Hamani likisomwa, tunaingia kwenye duara. Siri ya duara ni kwamba mkono wa mkasi hautembei, karatasi ndiyo inayozunguka. Anayetumia mkono wa kulia akate kinyume cha mwendo wa saa, wa kushoto afuate mwendo wa saa. Anza na mraba, mtoto akate kona nne, kisha kona ndogo zilizobaki, mpaka umbo liwe karibu na duara. Halafu kunja pande tatu kuelekea katikati na acha kidoti chekundu kionekane ndani: umepata hamantashi, kile kiandazi chao cha pembe tatu. Duara lililopindapinda linakunjika vizuri vilevile.

Kabla ya Pasaka yao, unga wa kuchezea uliotengenezwa kwa ngano huondolewa darasani, kwa kuwa nao unahesabiwa chachu, na gundi ya kupika kwa unga pia. Kama ulikuwa ukiwakatisha watoto unga huo kwa mkasi, hamia kwenye karatasi. Matza ya mraba, mkate wao usiotiwa chachu, ikikatwa kwa karatasi inafundisha kusimama kwenye kona na kugeuza. Katika mapigo ya Misri, wadogo wapewe lile la mvua ya mawe: karatasi nyeupe, wakatekate wapendavyo. Vyura waachieni wa miaka sita.

Sikukuu ya Majuma ndiyo ninayoisubiri mwaka mzima. Wayahudi wa Ulaya Mashariki, hasa Poland katika karne ya 19, walikuwa wakikata maua ya karatasi na kuyabandika madirishani kwa ajili ya siku hiyo. Kwa hiyo kukata karatasi hapo ni desturi ya mababu wa watoto hawa, na nadhani inastahili dirisha zima la darasa. Kunja karatasi mara mbili tu, ikizidi hapo vidole vidogo havitaweza. Ndipo nyota nayo hutoka kabatini: kwa wa miaka mitano, pembetatu mbili zinazobandikwa moja juu ya nyingine.

Mambo mawili ya nyumbani kwao. Kukata ni kati ya kazi zilizokatazwa siku ya Sabato na siku kuu za sikukuu, kwa hiyo usimpe mtoto kazi nusu Ijumaa mchana ukitegemea ataimalizia Jumamosi. Mpe Jumatatu. La pili, familia nyingine hawamnyoi mtoto wa kiume mpaka afikishe miaka mitatu, na siku hiyo jamaa wote hukusanyika, kila mmoja akate kishungi. Mtoto huyo hukaa mezani na nywele ndefu katikati ya wenzake wenye mikasi. Mfunge nywele nyuma, mkalishe karibu na wewe, na mikasi ihesabiwe kabla yeyote hajainuka.