Maabara ya sola: maswali yenu wiki hii

Barua za wiki hii zimetoka kwa wanaosimamia maabara za kampuni changa za umeme wa jua. Kazi hiyo nimeifanya miaka kadhaa, na naipenda.

Shikamoo mwalimu. Betri za lithiamu zinazorudishwa na wateja tunaziweka chumba kimoja na paneli. Kuna ubaya? (Mwanza)

Marahaba. Upo, tena mkubwa. Asubuhi moja nilikuta betri imeumuka kama andazi, imekaa juu ya katoni za paneli kwa sababu kabati limejaa. Ukiigusa, vuguvugu. Tuliitoa nje polepole ndani ya ndoo ya chuma yenye mchanga, na tangu siku hiyo betri na paneli hazikulala pamoja tena. Betri iliyorudi hujui imeanguka mara ngapi wala imechajiwa na nini. Itafutieni chumba chake chenye hewa, au kibanda cha nje chenye kivuli, rafu ziwe za chuma, na ncha za kila betri zifungwe kwa tepu ya umeme. Zilizo nzima zikae na chaji ya asilimia 30 hadi 50. Iliyoumuka msiichaji eti kuona kama itashika. Ikiwaka, moshi wake una haidrojeni floraidi, sumu inayounguza mapafu: watu watoke kwanza, mlango ufungwe, zimamoto wapigiwe 114. Kompyuta ziacheni.

Paneli ya wati 100 inatupa 78 saa sita mchana. Muuzaji katuibia? (Dar es Salaam)

Msimshike shati bado. Wati 100 zilipimwa kwa mwanga wa wati 1,000 kwa mita ya mraba, seli zikiwa nyuzi 25. Juu ya bati la Dar seli zinaweza kufika nyuzi 65, na paneli nyingi za silikoni hupoteza karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi inayozidi. Nyuzi 40 zimekula wati 16, zimebaki 84. Mwanga wa siku ile ukiwa 930, mtasoma 78. Futeni vumbi, bandikeni kipimajoto mgongoni mwa paneli, wekeni seli ya rejea (seli ndogo ya kupimia nguvu ya mwanga) pembeni kwa mlalo uleule, ndipo mumwendee muuzaji.

Mita tuzipeleke kuhakikiwa kila baada ya muda gani? (Arusha)

Mwaka. TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wana maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo. Mita moja ifungiwe kabatini iwe ya kulinganishia, na asiazimwe mtu, hata bosi.

Bosi anataka tupate ithibati ya ISO/IEC 17025 (kiwango cha umahiri wa maabara za upimaji) ili taa zetu zipate cheti cha VeraSol, mpango wa kuthibitisha ubora wa bidhaa za sola. Tuanzie wapi? (Nairobi)

Mwelezeni kwa upole kwamba cheti hicho hutokana na vipimo vya maabara huru, si yenu. Fedha hiyo inunue seli ya rejea na daftari gumu. Kila kipimo kiandikwe tarehe, joto la chumba, namba ya mita na jina la aliyepima, kwa kalamu ya wino.